Vinywaji vya michezo na watoto

Vinywaji vya michezo ni maji yaliyotiwa sukari, chumvi, potasiamu kidogo, asidi ya limau, ladha na rangi, kwa nia ya kumrudishia mtu mzima kile anachopoteza kwa jasho katika zoezi zito na refu. Vinavyojulikana zaidi ni Gatorade na Powerade za Marekani, Lucozade Sport ya Uingereza na Pocari Sweat ya Japani. Mtoto mwenye afya, anayecheza kama watoto wanavyocheza, hana haja navyo: maji na chakula chake cha kila siku vinamtosha. Akiharisha, chumvi iliyomo ni ndogo mno na sukari ni nyingi mno. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi finyu ambamo kinywaji hiki kina kazi, lakini wauzaji huieleza kana kwamba ni pana.

Asili

Kinywaji hiki kilizaliwa kwa ajili ya miili mikubwa. Mwaka 1965 Dewayne Douglas, kocha msaidizi wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Florida, alimuuliza daktari wa figo Robert Cade kwa nini wachezaji hawaendi haja ndogo wakati wa mechi. Jibu lilikuwa jasho. Vijana wenye misuli, waliovaa kofia ngumu na pedi za mabegani chini ya jua la Florida, walipoteza kilo kadhaa za maji katika mchezo mmoja, figo zikabaki hazina cha kutoa. Cade na wenzake Dana Shires, Harry James Free na Alejandro de Quesada wakachanganya maji, sukari na chumvi. Ladha yake ilichefua. Inasimuliwa kwamba Mary, mke wa Cade, ndiye aliyeshauri kitiwe maji ya limau. Timu iliitwa Gators, kifupi cha jina la Kiingereza la mamba wa Marekani, na kinywaji kikapewa jina la Gatorade. Januari 1967 timu ilishinda mechi ya Orange Bowl, na mwaka huohuo kampuni ya Stokely-Van Camp ikaanza kukiuza kwa umma.

Inafaa kuikumbuka picha hiyo ya kwanza kila mzazi anapotia chupa ya rangi ya buluu katika mkoba wa mtoto wa darasa la tatu. Swali la Douglas halikuhusu mtoto wa kilo 25 anayecheza chandimu kwa nusu saa na kurudi nyumbani kunywa uji.

Lucozade ilipita njia nyingine. Ilitengenezwa mwaka 1927 na mfamasia wa Newcastle, Uingereza, kwa jina la Glucozade, ikiwa ni glukosi ya kuwapa nguvu wagonjwa wasioweza kula. Afrika Mashariki waliokuwa wakienda kumjulia hali mgonjwa wanaikumbuka chupa hiyo kando ya kitanda cha hospitali, pamoja na machungwa na mkate. Mwaka 1983 wenye kampuni walibadilisha maneno ya tangazo, kutoka kusaidia kupona hadi kurudisha nguvu zilizopotea, wakamweka mbele bingwa wa Olimpiki Daley Thompson. Jina likabaki, mnywaji akawa mwingine: kutoka mgonjwa hadi mkimbiaji. Wazo la kwamba chupa ya sukari ni nusu dawa lilibaki vichwani mwa wengi, nalo ndilo linalowafanya wazazi wengine wampe mtoto mwenye homa kinywaji cha wachezaji.

Kilichomo

Kinywaji cha michezo cha kawaida huwa na sukari ya takribani gramu 6 katika kila mililita 100. Chupa ya nusu lita basi ina gramu 30, sawa na vijiko vya chai saba na nusu. Soda ya kola ya ujazo huo ina gramu 53 hivi, na tofauti hiyo ndiyo inayowafanya wengi waamini kwamba chupa ya michezo ni salama. Ni afadhali, kama ilivyo afadhali kuumwa na nyuki mmoja badala ya wawili.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Mwaka 2016 Chama cha Moyo cha Marekani kilitaja kiwango chepesi kukumbuka: mtoto wa miaka 2 hadi 18 asizidishe gramu 25 kwa siku, na aliye chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Chupa moja ya nusu lita imeshapita mpaka huo kabla mtoto hajagusa chai ya asubuhi wala andazi. Kwa kuwa sukari hiyo inanywewa, haishibishi. Mtoto atakula sahani ileile ambayo angekula.

Chumvi yake ni kiasi cha milimoli 20 za sodiamu kwa lita. Potasiamu ni chache zaidi, na madafu yanaishinda mara nyingi. Ila madafu nayo yana sodiamu kidogo, kwa hiyo wanaoyaita kinywaji cha michezo cha asili wanasema nusu ya kweli. Kwa mtoto aliyekimbia ufukweni Bagamoyo au Lamu ni kinywaji kizuri chenye sukari ndogo kuliko chupa ya dukani, lakini hakichukui nafasi ya dawa ya kuharisha.

Jasho la mtoto

Mtoto ambaye hajabalehe ana tezi za jasho nyingi kama za mtu mzima, ila kila tezi hutoa jasho dogo zaidi, na jasho lenyewe lina chumvi chache. Sababu kuu ya kuwekwa kwa chumvi katika chupa hivyo inapungua kwake. Zamani madaktari waliamini pia kwamba watoto hawahimili joto kama wakubwa. Mwaka 2011 Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kiliachana na msimamo huo: mtoto anayekunywa vya kutosha na kupewa mapumziko huhimili joto kwa kiwango kinachokaribiana na cha mtu mzima. Kwa wenye miaka 9 hadi 12, mililita 100 hadi 250 kila baada ya dakika 20 za mchezo zilitajwa kuwa za kutosha, yaani mafunda machache hadi bilauri moja.

Mwaka huohuo chuo hicho kilitoa ripoti nyingine, mahususi kuhusu vinywaji vya michezo na vya kuongeza nguvu. Ilisema maji ndiyo chaguo la kwanza kwa watoto na vijana kabla ya zoezi, wakati wa zoezi na baada yake. Kwamba vinywaji vya michezo visiwe vya kila siku wala vya kunywewa na chakula. Na kwamba vinywaji vyenye kafeini na vichangamsho vingine havina nafasi katika mlo wa mtoto.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo haifai kufichwa. Mtoto anayecheza juani mara nyingi hanywi vya kutosha hata maji yakiwa mkononi mwake. Oded Bar-Or na Boguslaw Wilk wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwapa wavulana wa miaka 9 hadi 12 maji matupu, maji yenye ladha, na kinywaji chenye sukari na chumvi, wakafanya mazoezi katika chumba chenye joto. Ladha peke yake iliongeza unywaji kwa karibu nusu, na sukari na chumvi zikauongeza tena. Matokeo hayo ya mwaka 1996 ni ya kweli na watengenezaji huyapenda. Yanaonyesha kwamba mtoto hunywa zaidi kile chenye ladha anayoipenda. Hayaonyeshi kwamba ladha hiyo lazima inunuliwe. Kipande cha limau au cha nanasi ndani ya maji baridi kinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Kunywa kupita kiasi nako kuna hatari. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu na asilimia 13 wakakutwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kawaida, hasa kwa sababu ya kunywa zaidi ya walivyotoka jasho. Kinywaji cha michezo hakizuii jambo hilo, maana chenyewe kina chumvi chache sana kuliko damu. Kiu ni kipimo kizuri, kwa mtoto pia, mradi akumbushwe kunywa na aruhusiwe kuifuata bila kuomba ruhusa ya mwalimu mara tatu.

Mtoto anayeharisha

Hapa ndipo kosa linapogharimu maisha, na hapa tofauti kati ya chupa ya duka na pakiti ya zahanati inapaswa kuonekana kwa tarakimu. ORS, yaani chumvi maalumu ya kurudisha maji mwilini kwa kunywa, ya Shirika la Afya Duniani, kwa fomula ya mwaka 2002, ina sodiamu milimoli 75 kwa lita na glukosi milimoli 75, yaani gramu 13.5 tu. Kinywaji cha michezo kina sodiamu kama robo ya hiyo, na sukari zaidi ya mara nne. Sukari ikizidi matumboni huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza katika utumbo, na choo huzidi kuwa majimaji. Mzazi anaona mtoto anakunywa, kumbe anazidi kukauka.

Siri ya ORS iko katika uwiano. Katika ukuta wa utumbo mdogo kuna mlango ambao sodiamu na glukosi hupita pamoja, na maji huzifuata. Mwanabiokemia Robert Crane aliueleza mwaka 1960. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliutumia katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, wakati wa kipindupindu, baada ya dripu kumwishia, na vifo vikapungua sana. Kitaalamu, Gatorade na ORS ni ndugu wa mama mmoja walioolewa nyumba tofauti: mmoja akaenda uwanjani, mwingine zahanati.

Pasipo na pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi hutumika wakati wa kwenda kuitafuta. Wanaonyonya waendelee kunyonya. Aliye chini ya miezi sita haongezewi kinywaji kingine isipokuwa ORS kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Vidonge vya zinki hutolewa pamoja na ORS kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita.

Utafiti uliofanywa Toronto na kuchapishwa mwaka 2016 uligundua kwamba watoto wenye kuharisha kwepesi, ambao mwili haukuwa umekauka hasa, walifanya vizuri kwa juisi ya tofaa iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji. Hao walikuwa watoto wenye lishe nzuri, karibu na hospitali. Kuuchukua utafiti huo na kuupeleka kwenye kipindupindu ni kuutendea vibaya.

Meno

Asidi ya limau ndiyo inayotoa ule ukali wa kupendeza, na ndiyo inayolainisha jino. Vinywaji vingi vya aina hii vina pH ya kati ya 3 na 4, ilhali tabaka la nje la jino huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi. Kunywa kidogokidogo kwa saa nzima, kama makocha wanavyohimiza, ndiyo njia mbaya zaidi kwa meno, kwa sababu mate hayapati nafasi ya kuisafisha asidi. Chupa yenye mdomo wa kunyonya, iliyobuniwa kwa ajili ya mkimbiaji, huongeza muda huo.

Kuchanganywa na vinywaji vya kuongeza nguvu

Rafu moja ya duka huweka vyote pamoja, na Kiswahili cha mtaani kinaviita vyote enaji. Ni vitu viwili. Kinywaji cha michezo hakina kafeini kwa kawaida. Cha kuongeza nguvu kinayo. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80. Tanzania, bidhaa za ndani kama Azam Energy zimeshusha bei hadi kufikia mkono wa mwanafunzi, na vijana wa shule huzinywa kabla ya mechi na kabla ya mtihani. Kafeini humfanya mtoto asisikie uchovu, humharakisha moyo, humnyima usingizi. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Latvia ikafuata mwaka 2016, na Poland Januari 2024.

Pale vinapofaa

Kijana anayeshindana kwa zaidi ya saa moja mfululizo bila kupoa, au mechi mbili ndefu za siku moja kwenye joto, anaweza kufaidika na sukari na chumvi za chupa hii, hasa akiwa hajala vizuri. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza akishuka sukari uwanjani huhitaji gramu 10 hadi 15 haraka, na mililita 250 za kinywaji cha michezo cha sukari halisi hubeba gramu 15. Vile vilivyoandikwa havina sukari havimsaidii hata kidogo. Zaidi ya hapo, orodha ni fupi. Mchakamchaka wa asubuhi haumo, wala kipindi cha michezo cha dakika 40.

Glukosi ya unga ambayo wanafunzi wa Kenya na Tanzania hulamba viganjani kabla ya mbio haina chumvi wala maji. Katika mbio za mita 100 au 200 misuli hutumia akiba iliyokuwamo tayari, na unga uliolambwa mstarini bado uko tumboni mshindi anapokata utepe.

Hata katika masafa marefu chupa hii si lazima. Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya wiki moja ya ulaji wa wakimbiaji 10 bora wa masafa marefu wa Kenya. Kwa siku walikunywa kwa wastani lita 1.1 za maji na lita 1.2 za chai ya maziwa. Sukari walikula nyingi, ndani ya chai.