Nyumba za kupangisha na masharti ya uongozi

Katazo la Azimio la Arusha (1967) lilimzuia kiongozi wa chama tawala cha TANU au Serikali kumiliki nyumba ya kupangisha, kuwa na hisa au ukurugenzi katika kampuni binafsi, au kupokea mishahara miwili. Katazo lilimhusu kiongozi pamoja na mwenzi wake, hivyo kuandikisha nyumba kwa jina la mke hakukusaidia.

Aliyeguswa waziwazi ni Bibi Titi Mohamed, mwenye asili ya Rufiji, aliyekuwa mbunge wa huko hadi aliposhindwa mwaka 1965. Alikuwa na nyumba za kupangisha Dar es Salaam, na badala ya kuziacha alijiuzulu nyadhifa zake katika chama. Uamuzi wake unastahili heshima: alipinga hadharani, hakuficha mali.

Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba, aliyeunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) mwaka 1990. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti, na swali likageuka: je, mwanasiasa apange jengo la umma kwa biashara yake? Mfano unaojulikana ni klabu ya Bilicanas, Dar es Salaam, ya Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha Chadema hadi 2025. NHC iliiondoa Septemba 2016 ikidai kodi inayozidi shilingi bilioni 1. Mbowe alipinga akisema yeye ni mbia wa NHC. Baadaye jengo lilibomolewa.