Ice Lions: timu ya barafuni inayotafuta mpinzani

Ice Lions ni timu ya Kenya ya mchezo wa magongo wa barafuni. Hujifua jijini Nairobi, katika uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, uliofunguliwa mwaka 2005. Wachezaji wake wengi walianza kwa kuteleza kwa viatu vya magurudumu.

Kwa kawaida kila upande huingiza wachezaji sita, akiwemo mlinda lango, wakiwania kisahani kigumu cha raba kwa vipindi vitatu vya dakika 20. Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 60. Ule wa Panari ni mdogo zaidi, hivyo idadi ya wachezaji hupunguzwa.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kukosa wapinzani: kwa miaka mingi wachezaji walijigawa na kushindana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 kampuni ya Tim Hortons iliwapeleka Canada, ambako nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon walicheza upande wao.

Septemba 2024, Kenya ilipokewa katika Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo kama mwanachama mshiriki. Uanachama huo hauundi ligi. Msimu kamili nyumbani unahitaji timu nyingine, nazo timu hizo zinahitaji barafu.