Mbwa wa Uzunguni Katika Ua Wetu

Kibao cha kwanza cha "Mbwa Mkali" nilichokisoma maishani mwangu kilikuwa kwenye lango la nyumba moja ya Oysterbay, mwaka 1964. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, nimefuatana na shangazi yangu aliyekuwa akifanya kazi ya uyaya katika nyumba hiyo. Nilikuwa nimejua kusoma, na kila kilichoandikwa njiani nilikisoma kwa sauti. Mbwa mwenyewe sikumwona siku ile. Nilimsikia tu akinguruma nyuma ya michongoma, na shangazi akanivuta mkono akasema, "Usiogope mwanangu, huyo hajui Kiswahili."

Kwetu Temeke mbwa walikuwapo, lakini si wa namna ile. Walikuwa mbwa wadogo wa rangi ya kahawia, ama hawana mwenyewe au wana wenyewe wengi. Kule mashambani Uzaramo, watu waliwatumia kuwafukuza nguruwe mwitu wasimalize mihogo. Hakuna aliyewalea, walijilea. Jike alikwenda kuzaa kichakani, na baada ya mwezi na siku kadhaa ungewaona watoto wawili au watatu wakimfuata, wala usijue walizaliwa wangapi.

Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliigawa Dar es Salaam katika maeneo matatu: la kwanza la majumba ya Kizungu, la pili la maduka na makazi ya Wahindi, la tatu la nyumba za wenyeji, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati uwe mpaka. Magomeni, Kinondoni na Temeke zilipanuliwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya Waafrika waliokuwa wakiongezeka mjini. Sheria haikutaja mbwa, lakini mbwa nao waligawanywa hivyo hivyo. Mbwa mkubwa alikaa eneo la kwanza, na kazi yake ilikuwa kumzuia mtu wa eneo la tatu.

Mbwa wenyewe wana historia fupi kuliko watu wanavyodhani. Yule wa Kijerumani mwenye masikio yaliyosimama, tuliyemwona kuwa ni wa tangu na tangu, alianza kuorodheshwa kama kabila la mbwa mwaka 1899 tu, pale ofisa mmoja wa farasi aitwaye Max von Stephanitz alipomnunua mbwa wa wachungaji na kuanzisha chama cha wafugaji. Ni kusema kwamba mbwa huyo ni mdogo kwa umri kuliko utawala wa Wajerumani hapa kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza hawakutaka hata jina la Mjerumani, wakamwita mbwa huyo "Alsatian", na chama chao hakikulirudisha jina la zamani mpaka 1977. Ndiyo maana wazee wetu waliofanya kazi majumbani walisema "alsesheni". Koloni lilibadilishwa jina, na mbwa pia akabadilishwa. Yule mwingine mwenye mstari wa manyoya yaliyolala kinyume mgongoni, ambaye Wazungu humwita Ridgeback, sifa zake ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922, lakini mstari huo ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Huyo basi ni mwenzetu aliyepotezwa ukoo.

Uhuru ulipokuja, wenye nyumba za Oysterbay walibadilika. Vibao vingi vilibaki palepale. Sisi wengine mbwa mkubwa hakutuhusu mpaka miaka ya 1980.

Msomaji aliyekuwa mtu mzima wakati ule hahitaji kuelezwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, na vilitukamua. Sabuni ilikuwa kwa foleni, sukari kwa foleni. Mimi nilikuwa karani wa mahesabu katika shirika moja la umma, mume wangu alikuwa mpima ardhi, na mishahara yote miwili haikufika tarehe 15. Ndipo lilipoingia neno "mradi". Kila mfanyakazi alikuwa na mradi wake: huyu kuku wa mayai, yule ng'ombe wawili nyuma ya jiko, mwingine maandazi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba. Juu ya watoto wa mbwa halikusema lolote.

Tulikuwa tumehamia Mbezi mwaka 1983, wakati bado ni mashamba ya minazi na mikorosho, taa moja hapa na nyingine kule. Mwaka uliofuata mhandisi mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao alimpa mume wangu jike la kijerumani la miaka miwili. Mume wangu akambatiza jina Hayawahusu. Majirani waliuliza anawalenga kina nani, na ukweli ni kwamba aliwalenga wao, kwa sababu ya maneno yao juu ya ujenzi wetu usiokwisha. Watoto walilikata jina likawa Haya. Basi ikawa kila jioni nyumba yetu inapiga kelele, "Haya! Haya!" na wapita njia wanageuka.

Jirani yetu wa upande wa kisima alikuwa mzee mwenyeji wa pale, mtu wa swala tano. Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi kutushtaki. Waislamu wengi wa mwambao wetu ni wa madhehebu ya Shafii, ambayo kwayo umajimaji wa mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Na sisi tulichota maji kisimani kwake. Nilikwenda kwenye kikao nikiwa nimejiandaa kugombana, maana nilikuwa kijana na mdomo ninao. Mzee hakunipa nafasi. Alisema mbele ya balozi kwamba mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na kwamba hata wale vijana wa pangoni waliotajwa katika Kurani walikuwa na mbwa wao mlangoni. Lake ni moja tu: ndoo iliyogusa nyumba ya mbwa isiingie kisimani. "Binti," aliniambia tukitoka, "wahenga walisema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Mimi sitaki kuingia naye kisimani." Tulinunua ndoo nyingine, nyekundu, na ugomvi ukaishia hapo.

Haya alizaa mara ya kwanza Julai 1985. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, nami nilihesabu kwenye kalenda ya ofisini. Watu hufikiri kazi ya kufuga mbwa wakubwa ni kuwaogopesha wezi. Kazi hasa ni wiki tatu za kwanza za watoto. Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi, macho hayafunguki mpaka siku ya kumi hadi ya kumi na nne, na mwili wake hauwezi kujitengenezea joto la kutosha. Chumba ambacho wewe unatoka jasho, yeye anakufa kwa baridi. Usiku wa Julai pale Mbezi upepo ulitoka baharini, na umeme ulikatika kama desturi yake.

Sikuwa na kitabu. Nilichokuwa nacho ni ujuzi wa vifaranga. Nilimwaga maranda katika kibanda cha kuku kilichosafishwa, nikaweka chungu cha mkaa kwenye kona iliyozungushiwa matofali, na chupa za maji ya moto nikazifunga kwa vipande vya khanga. Saa tano usiku akatoka wa kwanza, saa kumi na moja alfajiri wa tisa. Mmoja alitoka mfu. Nilihesabu kondo la nyuma la kila mtoto, kwa sababu kila mmoja huja na lake, na likibaki tumboni mama ataumwa. Asubuhi ile ile Haya, mwenye kilo thelathini na kitu, alijibwaga kwa uchovu akamlalia mtoto mmoja akamwua bila kujua. Mume wangu alipigilia mbao kuzunguka kuta, kimo cha shubiri moja kutoka chini, ili mtoto akibanwa apate uchochoro. Laiti tungejua jana yake. Walibaki saba.

Mdogo kuliko wote hakuweza kusukumana na wenzake. Mtoto lazima anyonye dang'a siku ya kwanza, maana humo ndimo ilimo kinga ya mama. Huyu nilimshikia ziwa kwa mkono. Baadaye nilimwongezea maziwa ya ng'ombe, lakini maziwa ya ng'ombe ni mepesi mno ukilinganisha na ya mbwa, kwa hiyo nilichanganya kiini cha yai. Nilimpima kila siku kwenye mizani ya dukani. Mwenye duka alisema hajapata kuona mtu anapima mbwa kama sukari, na sukari yenyewe hana. Ofisini nilisinzia juu ya daftari. Binti yangu wa miaka minane alishika zamu ya saa kumi mpaka magharibi, na bila yeye tusingefika popote.

Saba wote waliuzwa: Upanga, Masaki, Regent Estate. Bei ya mmoja ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Paa la nyumba yetu ni la watoto wale.

Tulipofika hapo tukafanya kosa ambalo nadhani wafugaji wengi wa Dar es Salaam ya wakati ule walilifanya. Fedha za kigeni hazikuwapo, hakuna aliyeweza kuagiza dume kutoka nje, na madume safi tuliyoyafahamu yalikuwa machache sana. Tulipandisha ndugu kwa ndugu. Mara moja, nakiri, baba kwa binti. Mbwa hawa tayari wana udhaifu wa nyonga katika damu yao, na ukoo unapojifunga udhaifu huzidi. Miaka kadhaa baadaye nilimwona mmoja wa wajukuu wa Haya huko Sinza akiburuta miguu ya nyuma kama mzee wa kiharusi. Mwenyewe alidhani amepigwa na mtu. Sikumwambia.

Mzao wa pili ulikuwa 1987, watoto wanane, wazuri kuliko wa kwanza. Wakiwa na wiki sita mmoja akaacha kula, kesho yake akaharisha damu yenye harufu nisiyoweza kuisahau. Siku ya tatu walikuwa wanne. Nilimtia maiti mmoja katika kikapu, nikamfunika kwa majani ya mgomba, nikapanda daladala hadi mjini na nyingine hadi Temeke, pale kwenye maabara ya mifugo ambapo watu wote hupaita Veterinari. Utingo alinusa akaniuliza nimebeba samaki gani. Mtaalamu aliyempasua alinieleza kwa upole kwamba huo ni ugonjwa mpya, haukuwapo duniani nilipokuwa msichana. Ni kweli: pavo ya mbwa ilijulikana mwaka 1978, ikitokana na virusi vilivyo jamaa wa vile vya paka, na kwa miaka miwili hivi ilikuwa imezunguka dunia nzima. Ilipanda ndege na meli kama bidhaa, na haikuhitaji kibali cha fedha za kigeni. Kinga ya dang'a hupungua wiki ya sita na kuendelea, na chanjo ilihitajika kabla. Chanjo nayo hutaka baridi muda wote, na mimi nimekwisha kueleza habari za umeme wetu.

Nilirudi nikakuta watatu. Usiku ule binti yangu na mimi tuliwanywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kama tulivyofundishwa kliniki kwa watoto wa binadamu. Alibaki mmoja.

Tulikuwa tukichimba shimo la saba nyuma ya mkorosho mzee alipokuja kusimama kwenye mpaka. Nilidhani amekuja kwa ajili ya kisima. Alisimama kimya muda, kofia mkononi, akatazama Haya anavyozunguka akinusa maranda, kisha akasema, "Poleni." Akaongeza, "Na yeye mpeni pole." Kisha akanishauri nisiache hata tone la uchafu ule litiririke, na alfajiri nikamkuta mwanawe amekwisha kutuletea chokaa gunia zima. Hatukufuga watoto tena kwa zaidi ya mwaka, kwa kuwa virusi vile hudumu udongoni mwaka na zaidi.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Kuanzia mwaka 1986 milango ya biashara ilifunguliwa, kuta zikapanda juu Mbezi, Tegeta na hata Mbagala, makampuni ya ulinzi yakaongezeka, na baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998 kila mwenye uwezo alitaka mbwa mkubwa kesho asubuhi. Serengeti mwaka 1994 distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa, iliua kama theluthi moja ya simba. Mwaka 2008 ikapitishwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama. Vijana wa siku hizi wana chanjo, wana vitabu vya ukoo, na wengine wao ni wafugaji bora kuliko tulivyokuwa sisi.

Haya aliishi mpaka 1995. Miaka yake ya mwisho alikuwa haoni vizuri na hakumtisha mtu, ingawa kibao chetu kilikuwa bado langoni. Kila Idi ya kuchinja mzee aliweka mifupa juu ya jani la mgomba, akaisukuma chini ya ua kwa kijiti kirefu ili asimguse, na alimwita kwa jina lake lote, polepole, "Hayawahusu," mpaka aje.