Mtoto asiyemaliza chakula: ni ukaidi au ndivyo alivyo?

Watoto ni wa mama mmoja na ugali umetoka sufuria moja. Mmoja anamaliza na kuomba tena, mwingine anakula matonge matatu na kusukuma sahani. Huyu wa pili huambiwa anadeka, na pengine huchapwa. Kipo kipimo kinachosaidia kuelewa tofauti hiyo, na kinamtegemea mzazi mwenyewe.

Kipimo chenyewe ni nini?

Ni dodoso la tabia ya ulaji wa watoto. Lilitungwa na Jane Wardle na wenzake wa University College London, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2001. Lina sentensi 35 fupi, kwa mfano kama mtoto hushiba kabla ya kumaliza chakula, au hukataa chakula asichokizoea. Mzazi huchagua jibu moja kati ya matano: haitokei kamwe, mara chache, wakati mwingine, mara nyingi, kila mara. Majibu hupewa alama 1 hadi 5, kisha hutafutwa wastani wa kila tabia.

Tabia nane

Nne humvuta mtoto kwenye chakula:
- kutamani kila anapoona chakula
- kufurahia kula
- kula zaidi akiwa na huzuni au wasiwasi
- kutaka kunywa kila mara

Nne humweka mbali nacho:
- kushiba haraka
- kula polepole
- kukosa hamu akiwa na huzuni au hasira
- kuchagua chakula

Hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Mtoto anayeshiba haraka si sawa na mtoto anayechagua chakula, ingawa wote wawili huacha sahani ina chakula.

Je, jibu la mzazi linaaminika?

Mwaka 2007, Susan Carnell na Wardle walichapisha utafiti uliojaribu hilo kwa watoto wa miaka 4 na 5. Waliangalia kiasi mtoto alichokula kweli, kasi yake, na kama aliendelea kula vitafunio baada ya kushiba. Majibu ya wazazi yaliendana na yaliyoonekana.

Utafiti mwingine ulifuatilia familia zaidi ya 2,400 zenye mapacha waliozaliwa mwaka 2007 huko England na Wales. Ulionesha kuwa hata kwa mtoto anayenyonya, hamu ya kula hurithiwa kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo si kila sahani isiyoisha inatokana na malezi mabaya.

Mzazi afanye nini?

Kumlazimisha mtoto amalize kila kitu humzoesha kutosikiliza tumbo lake. Kwa anayechagua, kuonja kidogo kidogo husaidia. Katika jaribio la Wardle la mwaka 2003, wazazi waliwaonjesha watoto wa miaka 2 hadi 6 mboga moja kila siku kwa siku 14. Watoto hao walianza kuipenda na kuila zaidi.

Kipimo hiki kina mipaka

Dodoso lilitungwa katika nchi ambako nyumba nyingi zina chakula cha kutosha. Palipo na uhaba, mtoto anayeomba chakula kila saa huenda ana njaa tu. Vilevile dodoso halipimi ugonjwa wala utapiamlo. Mtoto aliyekuwa akila vizuri kisha akaacha ghafla, au anayepungua uzito, apelekwe kituo cha afya.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mhudumu wa afya hupima mkono wa juu kwa utepe wenye rangi. Chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, ni utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5, rangi ya njano, ni utapiamlo wa wastani.

Ukienda kliniki, mweleze muuguzi mambo matatu: mtoto anakula kasi gani, anakataa vyakula gani, na hali hiyo ilianza lini. Maelezo hayo humsaidia kujua aanzie wapi.