Karatasi, Unyevu na Tungo za Pwani

Misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19, iliandikwa juu ya karatasi ya Ulaya. Karatasi hiyo ilivuka bahari ikaja kukaa pwani, ambako joto na unyevu huionea karatasi mwaka mzima. Hata hivyo baadhi yake ingali ikifunuliwa bila kuvunjika, ilhali tenzi zilizonakiliwa katika daftari za karne ya 20 mara nyingi huacha vipande mkononi mwa msomaji.

Karatasi ni nyuzi za mimea zilizotandazwa majini juu ya wavu wa waya, kisha zikakaushwa. Nyuzi hushikana zenyewe maji yanapoondoka. Maji huijenga karatasi, na maji huibomoa: masika hunywa unyevu, kiangazi huutoa. Uzi ukilowa hunenepa sana, lakini hurefuka kidogo mno. Fundi wa zamani, aliyetikisa wavu kwa mikono, alizitawanya nyuzi kila upande, na karatasi yake ikatanuka karibu sawasawa. Mashine ya Mfaransa Louis-Nicolas Robert, ya mwaka 1799, na zilizoifuata, zikawa zinalaza nyuzi nyingi upande mmoja. Kitabu ambacho nyuzi zake zimekingama mgongo hupata mawimbi, na mshono wake hulegea.

Mawimbi hayaui shairi. Tindikali ndiyo muuaji. Karatasi ya kale ya Italia ilitokana na matambara ya kitani, ikapakwa gundi iliyochemshwa kwa ngozi ili wino usitawanyike. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Illig alieleza njia nyepesi zaidi, ya kutumia utomvu wa msonobari pamoja na shabu. Kuanzia miaka ya 1840 matambara nayo yakaanza kuachiwa nafasi na mti uliosagwa. Karatasi ikawa rahisi, na daftari ikamfikia kila mtoto wa chuoni. Hilo si jambo la kulaumu. Lakini shabu ikikutana na unyevu huzaa tindikali, tindikali hukatakata selulosi, na joto huongeza kasi.

Wino wa masizi hauna hatia hapa. Masizi hayapauki wala hayali ukurasa, hivyo herufi huweza kubaki nyeusi tititi juu ya karatasi iliyokwisha kuwa chengachenga.

Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia tenzi wataalamu wa Kizungu kama Alice Werner na William Hichens, na nakala zake kadhaa zimehifadhiwa London. Nakala zilizobaki masandukuni majumbani hazina ulinzi wa namna hiyo. Wenyewe, kwa mapenzi, huzifunga ndani ya mifuko ya plastiki, na plastiki huufungia unyevu humo humo mpaka ukungu ukaota. Bora kitambaa safi cha pamba, mbali na ukuta na sakafu. Na anayenakili upya atafute karatasi isiyo na tindikali: kiwango cha kimataifa cha ISO 9706, cha mwaka 1994, hutaka karatasi ya kudumu iwe na akiba ya madini kama chokaa, ya kuizima tindikali kabla haijaufikia uzi.