Kalunga ni nani? Miungu ya michezo na makao ya roho katika Katanga

Kwa miaka hii, vijana wengi wa Likasi, wa Lubumbashi na hata wa Bukavu wanajua majina ya miungu ambayo wazazi wao hawajayasikia. Wanayapata ndani ya michezo ya telefone na ya télé: mungu wa vita, mungu wa radi, malkia wa kuzimu. Kila mmoja ana nchi yake, jeshi lake na alama yake. Wazazi wengine wanacheka tu. Wengine wanaogopa na kusema: « Hii michezo inaleta mashetani nyumbani. »

Katika majina hayo, moja halikutoka mbali. Ni Kalunga. Mtoto anaweza kulitamka akiwa anacheza, na bibi yake aliye kwenye chumba cha pili akashtuka, kwa sababu yeye alilijua mbele ya télé kuingia nyumbani. Makala hii inaeleza jina hilo lilitoka wapi, wazee wa Katanga walisema nini juu ya makao ya roho, na kwa nini ni vizuri mzazi ajue tofauti ya mchezo na mila.

Michezo ya miungu ilianzaje?

Mchezo uliofungua njia unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitoka Marekani mwaka wa 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Hauna haja ya umeme. Watu wanakaa kwenye meza, mmoja anaongoza hadithi, wengine wanajifanya kuwa mashujaa, na kete ndizo zinaamua kama shujaa ameshinda au ameshindwa.

Mwaka wa 1980 kilitoka kitabu cha mchezo huo kiitwacho Deities & Demigods. Ndani yake miungu ya mataifa mengi iliandikwa kama orodha: jina, kazi, silaha, makao, hata hesabu ya uhai, kana kwamba mungu naye anaweza kupigwa mpaka aishiwe nguvu. Walikuwamo miungu wa Wagiriki, wa Wahindi, wa Wajapani, wa Wachina, wa watu wa Ulaya ya kaskazini. Kwa Afrika walikuwamo wale wa Misri tu. Chini ya jangwa la Sahara hakuna hata mmoja.

Michezo mingi iliyofuata ilichukua mpango huohuo. Mungu anapewa kazi moja, kama vile vita, kifo au mavuno, na anapewa milki yake iliyo mbali na dunia ya watu. Kufika huko, shujaa anapita mlango wa uchawi.

Waafrika walianza baadaye kutengeneza yao. Mwaka wa 2016, kampuni Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion, mchezo wa mfalme kijana anayepata nguvu kutoka kwa mababu zake. Tarehe 23 Aprili 2024 ulitoka Tales of Kenzera: Zau, wa Surgent Studios, kampuni ya Abubakar Salim, msanii Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Mchezo huu una sauti za Kiswahili, tena ndio uliolipeleka jina la Kalunga kwa watoto wa dunia nzima.

Kalunga wa kwenye kioo

Katika mchezo huo, kijana mganga aitwaye Zau amefiwa na baba yake. Anamwita Kalunga, mungu wa kifo, na kufanya naye agano: Zau amletee roho tatu kubwa zilizokataa kwenda kwa wafu, naye Kalunga amrudishie baba. Kalunga haonyeshwi kama shetani mwenye pembe. Anaonekana kama mzee wa heshima anayetembea na kijana na kumshauri.

Roho zile tatu zimeokotwa huku na kule. Impundulu ni ndege wa radi wa Afrika ya Kusini. GaGorib anatoka katika hadithi za Wakhoikhoi. Kikiyaon ni bundi wa kutisha wa Afrika ya Magharibi. Kwa hiyo mchezo huu haufundishi mila ya kabila moja. Umechanganya, kama mama anayepika sombe na kutia kila alichokuta sokoni.

Salim mwenyewe ameeleza mbele ya watu kwamba alitengeneza mchezo huu kwa sababu ya uchungu wa kumpoteza baba yake. Chini ya mapigano yote, habari yake ni matanga.

Kalunga wa wazee

Jina Kalunga linajulikana katika eneo kubwa, toka bahari ya Atlantiki mpaka huku kwetu. Lakini maana yake si moja.

Kwa Waovambo wa Namibia na kusini ya Angola, Kalunga ni jina la Mungu Muumba, na Wakristo wa kule wanalitumia kanisani. Kwa Wambundu wa Angola, kalunga ni bahari, tena ni kifo na pahali pa wafu. Kwa Wakongo wa upande wa magharibi, Kalunga ni maji yanayotenga walio hai na waliokufa. Kwa Waluba wa Katanga, Kalunga ni makao ya wafu.

Kumbe jina moja linaweza kuwa Mungu kwa huyu, maji kwa mwingine, na pahali kwa wa tatu. Kiswahili chenyewe kinaonyesha njia hiyo. Tunaposema « kuzimu », tunasema « ku », pahali, na « zimu », roho ya mfu. Neno lenyewe linataja pahali wanapokaa wafu, halitaji mtu.

Iko hadithi ya Kimbundu ambayo Héli Chatelain aliichapisha mwaka wa 1894, na inafanana sana na habari ya Zau. Mfalme Kitamba alifiwa na mke wake mkubwa, Muhongo. Kwa uchungu akakataza mji wote: hakuna kutwanga, hakuna kupiga kelele, hakuna kuzungumza, mpaka mke wangu arudi. Wazee wakamwita mganga. Mganga akachimba kaburi ndani ya nyumba yake mwenyewe, pale penye jiko, akashuka pamoja na mtoto wake.

Chini kule akamkuta Muhongo amekaa, anasuka kikapu. Mwanamke akamwambia kwamba anayeingia Kalunga hawezi tena kurudi. Akamwonyesha bwana wa pahali pale, Kalunga-ngombe, anayewamaliza watu wote. Akamwonyesha na mtu mwingine aliyefungwa minyororo: ni mfalme Kitamba mwenyewe, ambaye siku zake zilikuwa karibu. Halafu akampa bangili aliyozikwa nayo, ili mfalme aamini, na akamwonya asile chakula cha kule, kwa maana akila atabaki.

Mganga akapanda juu na bangili. Mfalme akaitambua. Watu wakaanza tena kutwanga na kuongea. Miaka michache baadaye Kitamba naye akafa.

Hadithi hii haina shujaa wa kumpiga mungu wa kifo, wala hesabu ya uhai. Mfalme mwenye nguvu zote anajifunza kwamba amri yake inaishia penye kaburi, na kwamba mji mzima hauwezi kunyamaza milele kwa sababu ya uchungu wa mtu mmoja. Familia iliyofiwa inaelewa jambo hilo bila mtu kulieleza.

Roho za Katanga zilikaa wapi?

Juu ya yote, wazee walimjua Mungu mmoja Muumba. Waluba wanamwita Vidye Mukulu, au Shakapanga, au Leza. Jina Leza, au Lesa, liko pia kwa Wasanga na Walamba, na kwa Wabemba wa Zambia. Wamisionari waliokuja walilikuta, na katika lugha kadhaa Wakristo wanamwita Mungu hivyo mpaka leo.

Chini ya Muumba wako bavidye, roho kubwa za nchi. Hapa ndipo mila ya Kiluba inaachana kabisa na michezo. Makao ya bavidye yako hapahapa duniani, kwenye chemchemi, ziwa, pango au kilima. Mtu hapiti mlango wa uchawi ili afike. Anatembea kwa miguu. Roho nyingi za namna hiyo ziko mbili mbili, mume na mke. Kati ya zinazojulikana sana ni Mpanga na Banze.

Halafu wako bankambo, mababu wa ukoo. Hao hawana nguvu sawa na bavidye, lakini wako karibu zaidi, kwa sababu jina lao linarudi kwa watoto wanaozaliwa.

Wafalme wa Waluba walikuwa na desturi ya pekee. Mfalme akifa, mji wake haukupewa mfalme mpya. Uligeuka kuwa kitenta, mji mkuu wa roho yake. Mwanamke aitwaye Mwadi alikaa pale kama mfalme mwenyewe: roho ya mfalme ilikuwa ndani yake, na yeye alilinda kikapu chenye mabaki matakatifu ya marehemu. Mfalme mpya alipaswa kujenga mji mwingine. Ndiyo sababu nchi ya Waluba ilijaa miji mikuu ya wafu, na kila mmoja ulikuwa na ardhi yake na heshima yake.

Watu waliikumbuka vipi miji yote hiyo bila kuandika? Kwa lukasa. Ni ubao mdogo wa kushika mkononi, umepambwa kwa ushanga na simbi. Wakubwa wa chama cha Mbudye walipitisha kidole juu yake huku wakisimulia: hapa mfalme fulani, hapa ziwa, hapa njia, hapa roho inalinda. Kijana anayecheza michezo ya leo angeielewa mara moja: lukasa ni ramani na historia kwa pamoja. Lakini mbao nyingi za lukasa sasa ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Ubao bila mtu wa kuusoma ni ubao tu.

Ushuhuda wa zamani zaidi uko ardhini. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, wachimbuaji wa miaka ya 1957 na 1958 walikuta makaburi ya zaidi ya miaka elfu moja. Wafu walizikwa na vyungu, mapambo ya shaba, na katika makaburi ya nyakati za baadaye, misalaba midogo ya shaba. Watu wale waliona kwamba aliyekufa anakwenda pahali, na anahitaji mizigo.

Koni na majina ya maji

Wakaaji wa Koni wanaishi karibu na maji yenye nguvu. Mto Lufira ulifungwa kwanza Mwadingusha, ambapo sentrali ya umeme ilianza mwaka wa 1930, na barazhi yake ikazaa ziwa Tshangalele. Chini kidogo, sentrali ya Koni ilianza mwaka wa 1950, yenye nguvu ya megawati 42, kwa ajili ya migodi na viwanda vya Union Minière.

Wakoloni hawakufunga maji tu, walibadili na majina. Maporomoko ya Mwadingusha yaliitwa Cornet. Sentrali ya Mwadingusha ikaitwa Francqui, ile ya Koni ikaitwa Bia. Hao watatu, Jules Cornet, Emile Francqui na Lucien Bia, walikuwa katika msafara mmoja uliopita Katanga mwaka wa 1891 na 1892. Likasi yenyewe iliitwa Jadotville mpaka mwaka wa 1966.

Majina ya zamani ya mahali yalirudi. Lakini pale roho inapokaa kwenye maji, jina la pahali linabeba hadithi. Maji yakifunika bonde, au jina likikaa miaka mingi bila kutamkwa, hadithi inabaki kwa wazee tu. Mzee akienda bila kuulizwa, ameenda nayo.

Mzazi afanye nini?

La kwanza: asimshitaki mtoto. Mtoto anayetaja Kalunga, au anayechora roho za mchezo kwenye daftari, si mchawi. Katika nchi yetu, watoto wamefukuzwa nyumbani na kupigwa kwa mashitaka madogo kuliko hayo. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inatoa adhabu kwa mtu anayemshitaki mtoto uchawi, hata kama mtu huyo ni mzazi au mchungaji.

La pili: amwulize mtoto mchezo unasema nini. Mara nyingi mtoto atasimulia habari ya kijana anayemlilia baba yake. Kama nyumba hiyo imefiwa, labda mtoto anasema kupitia mchezo lile ambalo hajaweza kulisema mezani.

La tatu: ampeleke kwa mkubwa wa jamaa anayejua. Si lazima mtu arudie ibada ya zamani ili ajue historia yake. Mkristo na Mwislamu wanaweza kujua kitenta ni nini na kubaki na imani yao, sawa vile mtoto wa shule anavyojifunza miungu ya Wagiriki bila kuiabudu.

Maswali ya kumwuliza mkubwa ni mepesi. Mto huu uliitwaje mbele ya barazhi? Nani alikatazwa kuvua pale, na siku gani? Wafu wetu walisemwa wanakwenda wapi? Telefone ileile inayocheza mchezo inaweza kushika sauti ya mzee anayejibu.