Shule za msingi Kilema: Matokeo ya mwaka mmoja hayatoshi kuipima shule

Na Mwandishi Wetu, Moshi

KILA matokeo ya darasa la saba yanapotangazwa, wenyeji wa Kilema waishio Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam huulizana swali moja: shule ya kwetu imefaulisha wangapi? Jibu huja kwa asilimia. Kwa asilimia hiyo wapo wanaoamua mtoto abaki kijijini kwa bibi yake, na wapo wanaomhamishia shule ya bweni. Uamuzi huo ni mzito, na namba inayoubeba ni dhaifu kuliko inavyoonekana.

Kilema ipo kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kilimanjaro, kati ya Kirua Vunjo na Marangu, katika Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Elimu ya darasani si ngeni huko. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kwa vizazi kadhaa fedha ya kahawa ndiyo iliyolipa ada za watoto. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969, shule nyingi zilizokuwa za madhehebu ziliwekwa mikononi mwa Serikali.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi huendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na hufanyika mwezi Septemba. Kabla yake kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita yenye jumla ya alama 300, na mtahiniwa huhesabiwa amefaulu anapopata daraja A, B au C.

Tatizo la kwanza ni udogo wa shule. Tuchukue mfano wa shule yenye watahiniwa 20. Hapo mtoto mmoja ni sawa na asilimia tano. Watoto watatu wakiugua au wakikosa utulivu nyumbani, ufaulu hushuka kwa asilimia 15, ingawa walimu ni walewale na ufundishaji ni uleule. Katika shule yenye watahiniwa 150, watoto hao watatu wangepunguza asilimia mbili tu. Kwa sababu hiyo, Baraza la Mitihani kwa miaka kadhaa lilizitenganisha shule zenye watahiniwa chini ya 40 na zile zenye zaidi ya hapo, kila moja ikishindanishwa ndani ya kundi lake. Mwaka 2023 Baraza lilitangaza kuachana na utaratibu wa kutaja shule bora kitaifa.

Shule ndogo za mlimani zina sababu ya kuwa ndogo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,640,087 mkoani Kilimanjaro, na ile ya mwaka 2022 watu 1,861,934. Hilo ni ongezeko la takribani asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati taifa zima lilikua kwa asilimia 3.2. Vihamba vimegawanywa hadi havigawanyiki tena, na vijana wameshuka tambarare au wamekwenda mijini kutafuta maisha.

Uchache huo wa watoto huigusa pia mifuko ya shule. Ruzuku ya Serikali hukokotolewa kwa kichwa cha mwanafunzi. Kwa kiwango cha Sh10,000 kwa mwaka, shule yenye wanafunzi 150 hustahili Sh1,500,000, na yenye wanafunzi 1,000 hustahili Sh10,000,000. Lakini paa linalovuja na mlinzi wa usiku havipungui gharama kwa sababu watoto ni wachache. Kila mtoto anayehamishwa huondoka na sehemu yake ya ruzuku, na anaifanya asilimia ya mwaka unaofuata iyumbe zaidi.

Tatizo la pili ni kwamba ufaulu wa taifa lenyewe hupanda na kushuka. Baada ya Serikali kufuta ada na kuanzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, ufaulu ulifikia asilimia 70.5 mwaka 2006, kisha ukaporomoka hadi asilimia 49.4 mwaka 2009. Mwaka 2012 ulikuwa chini ya asilimia 31. Mwaka 2023 ulikuwa asilimia 80.58. Shule iliyopanda kwa asilimia tano katika mwaka ambao taifa limepanda kwa kumi haijasonga mbele. Imeachwa nyuma na wenzake.

Kwa hiyo, mzazi anayetaka kujua kama shule inaendelea aulize mambo manne. Kwanza, wastani wa alama za shule kwa miaka mitatu mfululizo umekwendaje ukilinganishwa na wa wilaya? Pili, watoto waliofanya mtihani ni wangapi kati ya wale walioanza darasa la kwanza pamoja? Shule inaweza kupata asilimia mia moja kwa kuwapoteza wanyonge njiani. Tatu, darasa la nne linafanyaje? Hapo udhaifu huonekana wakati bado kuna miaka ya kuurekebisha. Nne, watoto wanapata chakula cha mchana? Elimu bila malipo iliyoanza mwaka 2016 iliwaachia wazazi jukumu hilo.

Upo pia mtego wa mwaka 2027. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi ni miaka sita. Walioingia darasa la tatu mwaka huo wanatarajiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wenzao watakaokuwa darasa la saba. Matokeo ya mwaka huo hayatalinganika kirahisi na ya miaka iliyotangulia, na shule isihukumiwe kwa hayo pekee.

Wenyeji wengi wa Kilema hupanda mlimani wakati wa Krismasi, shule zikiwa zimefungwa. Anayetaka kuijua shule ya kijiji chake apande siku ya masomo, aombe kuonyeshwa rejesta ya mahudhurio na madaftari ya darasa la nne. Hayo yatamweleza mengi ambayo asilimia haiyasemi.